Kilele cha Pishi

Jamvi la tatu kutoka mlangoni, kule ghalani Malindi, sasa analikalia mwengine, na nimesikia analalamika kwamba limebonyea. Limebonyea kwa sababu nimelikalia mimi misimu tisa, na mimi si mwepesi. Akae wiki mbili, litamzoea. Magoti ndiyo yaliyonitoa kazini. Kukaa naweza, kuinuka ndiko kulikonishinda, na mchambuzi wa karafuu anayeinuliwa na wenzake wawili kila adhana inapolia anapoteza wakati wa watu watatu.

Basi nimekaa hapa Mpendae kwa binti yangu, nimechukua daftari la mjukuu ambalo hakulimaliza, na nnawaandikia nyinyi mliobaki ghalani na wale watakaokuja baada yenu. Chuoni nilisoma mpaka nikaweza kusoma Kurani, kisha nikaozwa. Herufi hizi nyengine nimejifunza ukubwani. Anayetaka mwandiko mzuri akautafute kwa mwalimu.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya mabishano. Siku hizi kila baraza ninayoipita watu wanabishana jambo lile lile: Unguja imeneemeka au haikuneemeka. Mmoja anasema karafuu zina bei, gati haliishi meli, mjini kuna magari mpaka mtu havuki njia. Mwengine anasema neema hiyo ni ya wenye maghala, sisi tunaisikia harufu tu. Mimi habari za nchi nzima sizijui, na nnawashangaa wanaozijua hali hata kwao hawajui chumvi imebaki kiasi gani. Ninayoijua vizuri ni habari ya pishi moja ya bati, kile kipimo cha kupimia nafaka. Nitawaeleza hiyo.

Mimi kwetu ni Mkokotoni. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, na alipofariki nilibaki na binti mmoja aliyekwisha olewa na mjukuu aliyekuwa anatambaa. Mkwe wangu mtu mwema, alinichukua nikae nao hapa hapa Mpendae. Lakini kula cha mkwe kila siku, hata akiwa mwema, chakula kinashuka kwa tabu. Nikasikia kuna ghala Malindi linataka wanawake wa kuchambua karafuu. Nikajifunga kanga nikaenda, mtu mzima mwenye mjukuu, kuanza kazi ya kwanza ya maisha yangu nje ya jiko langu.

Ghala lilikuwa la Bwana Kanji, Mhindi wa hapa hapa Unguja, babake naye alikuwa akiuza karafuu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwavuli hakuuacha hata kiangazi. Yeye alikaa mbele, kwenye mizani na makarani. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, kwenye sakafu, na aliyetusimamia ni mnyapara Vuai, mtu wa Makunduchi, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nitasema mengi juu ya Vuai, basi niseme kwanza jema lake: shikamoo yake haikukatika hata siku moja, hata siku tuliyogombana.

Siku ya kwanza nilikalishwa karibu na Bi Kazija. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, amepanga chumba Kikwajuni, na jamvi lake lilikuwa la kwanza mlangoni kwa kuwa ndiye aliyeanza kazi kabla ya wote. Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni.

"Unatoka wapi?"

"Mkokotoni, Bi Kazija."

"Mikono yako ya samaki?"

"Ya samaki na ya jiko."

"Itakuwa ya karafuu. Kaa hapa. Leo usizungumze, tazama."

Nikatazama. Aliyonionyesha siku ile ndiyo hayo hayo mnayoyafanya, na anayeyafanya kinyume anajichosha bure. Mpe mlango mgongo wako ili mwanga upite begani uangukie mkononi. Chukua karafuu kwa kujaza kiganja, usijaze viganja viwili, maana cha pili hukitazami. Kikonyo toa kwanza, kisha majani na vijiti, kisha zile zilizokwisha kuiva mtini zikanenepa, kisha mawe, maana mawe yapo daima na hakuna anayejua yanatoka wapi. Karafuu nzuri ina kichwa chake kamili, na ukiiminya kwa ukucha inatoa mafuta. Ivunje: ikilia imekauka, ikinyamaza rudisha juani. Funga kitambaa puani, na usicheke ukiwa na karafuu karibu na uso, utapiga chafya mpaka alasiri. Na mtungi wa maji usiuweke karibu na magunia. Karafuu inakunywa maji kwa mbali, kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya pili. Wapo wanaoliacha beseni la maji ghalani makusudi ili gunia lizidi uzito. Bi Kazija alikuwa akisema watu hao wataulizwa, na hakusema na nani.

Chakula cha mchana nilikila chote kina ladha ya karafuu, wali na mchuzi na maji. Niliporudi nyumbani mjukuu alinikataa. Siku ya tatu akanizoea, na baadaye akawa halali mpaka anuse kanga yangu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana bila ya hilo hakuna la kuandika.

Jioni ya siku ya kwanza Vuai alikuja na pishi ya bati, ile yenye muhuri wa serikali ubavuni, kupima kazi ya kila mtu. Tulilipwa kwa pishi, na hesabu ya siku ilikuwa pishi kumi na mbili. Kila mwanamke alijaza mwenyewe. Na kwetu shamba, pishi ina adabu yake. Ukimwazima jirani mchele, unampa pishi iliyofutwa, sawa na mdomo wake. Akikurudishia, anakurudishia na kilele juu. Kile kilele ndiyo shukrani, hana haja ya kusema neno. Anayerudisha pishi iliyofutwa hatukanwi, lakini visimani atatajwa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mama yangu alinipiga kibao siku nilipomrudishia shangazi yangu mtama bila ya kilele.

Basi nilipopewa pishi nijaze, mimi nikaona karafuu ni za Bwana Kanji, nimepewa nizichambue, sasa namrudishia mwenyewe. Nikajaza, kisha nikaongeza kilele kizuri kwa viganja viwili, nikakilainisha kwa vidole. Vuai akaitazama ile pishi. Akanitazama. Akaimimina guniani. Zote tatu nilizowahi siku ile nilizijaza hivyo, nami nikatoka kifua mbele.

Asubuhi ya pili akasimama mbele ya wanawake wote akasema, "Bi Mize ni mgeni, jana ndiyo kafika, na pishi yake ina kilele. Nyinyi wenyeji mnafuta. Hivi hamuoni haya?"

Wakaona haya. Jioni ile kila pishi ilikuwa na kilele. Bi Tatu, aliyekaa jamvi la pili na ambaye mdomo wake haukujua likizo, akaniambia, "Karibu mjini, shoga. Umetuletea zawadi." Mimi nikadhani ananisifu.

Misimu ikapita. Nikawa mchambuzi mzuri, hilo nasema bila ya kujificha, maana waliokuwepo wanajua. Kazi ngumu kupita zote ilikuwa ile ya magunia yaliyolowa mvua njiani, yakaja yamevunda katikati. Nyinyi mtayapata, hayaishi. Msiyafungue ndani. Yafungueni uani, chambueni siku hiyo hiyo, na iliyo na ukungu msiichanganye na nzima hata kama mnyapara ana haraka. Haraka ni yake, lakini gunia likirudishwa jina litakalotajwa ni lenu.

Mnyapara alikuwa na haraka kweli, kwa sababu biashara ilikuwa inakua. Kila msimu magunia yaliongezeka. Ndugu yangu anayefanya kazi Kizimbani, kwenye mashamba ya serikali, alikuwa akinihadithia miche mipya inavyopandwa mistari kwa mistari. Bwana Kanji akaliongeza ghala kwa nyuma, akapiga sakafu ya saruji, akaweka taa. Vuai akapata baiskeli. Na kilele nacho, bila ya mtu kutoa amri, kilikuwa kinakua. Mwanzo kilikuwa kama kifuniko cha buli. Vuai anakuja, anasema, "Tia kidogo, Bi Tatu, hii imekaa kama imenyolewa." Unatia kidogo. Kesho hicho kidogo ndicho kipimo, na kuna kidogo chengine juu yake. Msimu wa nne pishi ilikuwa kama imevikwa kawa la kufunikia chakula, na zilizomwagika pembeni hazikuhesabiwa kwa mtu, zilifagiwa zikatiwa guniani.

Msimu ule wa nne ndio karafuu zilipopanda bei kweli kweli. Bwana Kanji alikuja nyuma mwenyewe, na mwavuli wake, akatwambia kwamba biashara imekuwa nzuri na yeye hataki kula peke yake. Akatangaza nyongeza kwa kila pishi. Akaleta na halua. Tulipiga vigelegele mpaka makarani wakaja kuchungulia. Bi Tatu akasema mwezi huu ananunua doti mbili za kanga, moja ya kuvaa na moja ya kumtia wivu wifi yake.

Mwisho wa wiki Bi Tatu alifungua pindo la kanga yake, akahesabu, akalifunga, kisha akalifungua tena kama mtu anayeona kosa ni la pindo.

"Nyongeza yangu imeingia wapi?" akauliza.

"Umeila halua," akajibiwa.

Tukacheka. Lakini nami pindo langu lilikuwa vile vile. Kila mmoja wetu alikuwa amejaza pishi chache kuliko zamani, na kila mmoja alidhani kosa ni la mikono yake. Tumezeeka, tukasema. Karafuu za mwaka huu ndogo, tukasema. Tulisema kila kitu isipokuwa lililokuwa mbele ya macho yetu.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Kazija. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alichambua kwa ncha za vidole zaidi kuliko kwa kuona, na kazi yake ilikuwa safi bado, ila polepole. Hakufika kumi na mbili. Siku alizojitahidi alifika kumi na moja, mara nyingi kumi. Na nje ya mlango kila asubuhi walikuwepo wanawake wanaosubiri nafasi, maana sifa za neema zilikuwa zimefika mashamba yote. Jumatatu moja Vuai akamjia, akachutama mbele yake kwa adabu zote.

"Bi Kazija, mimi ni mwanao. Lakini hesabu haifiki. Nakungoja mpaka Alkhamisi. Ikipungua tena, Jumamosi usijisumbue kuja."

"Nimesikia, baba," akasema Bi Kazija. Akaendelea kuchambua. Vidole vyake havikusimama, lakini niliona anatoa karafuu nzima anaitupa kwenye vikonyo.

Siku ile baada ya sala ya adhuhuri nilirudi mapema. Bi Kazija alikuwa bado kwenye mkeka wa kusalia. Jamvini pake palikuwa na pishi nne zilizokwisha jazwa kwenye vikapu, zinamngojea mnyapara, kila kikapu pishi yake na kilele chake. Nilichukua pishi ya bati, nikaimimina ya kwanza, kilele kikasimama. Nikakifuta kwa kiganja kikaangukia kwenye ungo. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Kisha nikachukua ungo, nikamimina kwenye pishi vile vilele vinne.

Ikajaa. Ikajaa mpaka mdomoni, na chache zikabaki kwenye ungo.

Nilikaa nikaitazama ile pishi ya tano. Kumbe kila tulipojaza nne, tulikuwa tumechambua tano. Bi Kazija wa kumi alikuwa ameshapita kumi na mbili, na anaambiwa hafiki. Nyongeza ya Bwana Kanji ilikuwa imetoka kwake kweli, haikuibiwa na mtu, ila ilifika kwenye mdomo wa pishi ikakaa pale, juu, kwenye kilele. Na nikamkumbuka aliyekiweka kilele cha kwanza. Mimi si mtu wa kulia, na siku ile sikulia, lakini nilijua nimemtoa kazini mwalimu wangu kwa mikono yangu hii.

Nikamfuata Vuai uani, anafuta baiskeli yake.

"Vuai, pishi inafutwa au haifutwi?"

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Inafutwa au haifutwi?"

"Unaniuliza mimi? Kabla hujaja ilikuwa inafutwa. Wewe ndiye uliyeleta kilele. Mimi nikasema, kama mgeni wa shamba anaweza, hawa watashindwa nini?"

"Ile ilikuwa adabu."

"Na mimi nimeipokea kwa adabu. Ulitaka niirudishe?"

Nikamwambia, "Basi sasa nnasema ifutwe." Akasema, "Sema na Bwana Kanji. Mimi nikipunguza pishi, magunia yatapungua, na atakayeulizwa ni mimi." Na hilo, ukilitazama vizuri, lilikuwa kweli. Alikuwa anaogopa kama sisi, ila yeye aliogopa akiwa amesimama.

Nikarudi kwa Bi Kazija, nikakaa, nikamwambia yote. Sikupamba.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nimekaa karibu yako siku ile. Macho yameharibika sasa, wakati ule yalikuwa mazima."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Watu wote wameshaweka kilele, mimi nifute? Nionekane nina mkono wa birika mbele ya mgeni? Kila mmoja alimngoja mwenzake afute kwanza. Tumengojana misimu minne."

Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu chake cha chakula, chini kabisa, akatoa kijiti. Kilikuwa kipande cha ubao wa mbuzi ya kukunia nazi, kirefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, kimelainika kama mfupa kwa kushikwa. Ndicho walichokuwa wanafutia zamani. Vuai alipowatia haya, Bi Kazija alikificha, akawa anakuja nacho kazini na kurudi nacho nyumbani kila siku ya Mungu.

"Kwa nini hukukitupa?" nikamuuliza.

"Kitu kizima nikitupe?"

Sasa wiki ile ile tulikuwa tumeambiwa tufagie vizuri, Alkhamisi kuna mgeni kutoka serikalini. Anapita kwenye maghala kukagua vipimo, na kuandika hali za wafanyakazi, kama hii neema ya karafuu imewafikia. Vuai alitwambia, "Mkiulizwa hali, semeni nzuri." Hakuwa na haja ya kutufundisha. Mtu gani wa Unguja akiulizwa hali husema mbaya? Mtu ana homa, nyumba inavuja, mume kahama, ukimuuliza hali atasema nzuri, alhamdulillahi, kisha ndiyo atahadithia.

Alkhamisi ikafika. Mgeni alikuwa kijana wa mjini, suruali nyeupe, daftari kwapani, kaongozana na Bwana Kanji. Akaichukua pishi yetu, akatazama muhuri, akaipima kwa kipimo chake. Akasema, "Sahihi kabisa," akaandika. Bwana Kanji akatabasamu. Na kweli pishi ilikuwa sahihi. Bati halikuwa na kosa lolote.

Kisha akaanza mlangoni. "Shikamoo, mama. Hali zenu hapa? Mmeongezewa, nasikia. Mambo yamekuwa mazuri?"

"Nzuri, mwanangu, alhamdulillahi," akasema Bi Kazija, na hiyo ndiyo siku ya mwisho aliyopewa na Vuai.

Akaandika.

"Na wewe mama?"

"Nzuri," akasema Bi Tatu.

Akaandika. Akaja kwangu. Nami neno lilikuwa limeshafika ulimini, maana ulimi hujibu wenyewe. Nikalizuia.

"Shikamoo, mama. Hali yako?"

"Marahaba. Hali yangu mimi nzuri. Hali ya pishi si nzuri."

Ghala zima vidole vilisimama. Vuai akasema taratibu, "Bi Mize." Nikamwambia, "Naam, nnakusikia. Ngoja."

Nikamwomba kijana mwenye daftari anipe pishi. Nikaijaza kama tulivyozoea, mpaka kilele kikasimama. Nikanyoosha mkono nyuma, na Bi Kazija, bila ya kuambiwa, akaniwekea kijiti kiganjani. Nikafuta. Zikaanguka kwenye ungo, nikaimimina pishi kikapuni. Nikajaza ya pili, nikafuta. Ya tatu. Bwana Kanji alikuwa amekunja mwavuli wake anatazama. Ya nne. Kisha nikamimina vile vilele kwenye pishi tupu, ikajaa, nikafuta na yenyewe, zikabaki.

"Hizi ni tano," nikasema. "Sisi hulipwa nne. Nyongeza mmetupa, Bwana Kanji, hatukanushi, na halua tumekula. Iko hapa." Nikagonga ile pishi ya tano kwa kijiti. "Haijatufikia."

Bwana Kanji akamgeukia Vuai. "Nani alisema watie kilele?"

"Hakuna aliyewalazimisha, Bwana. Wenyewe wanatia. Ni adabu yao."

"Ni kweli," nikasema. "Nimeanza mimi, siku yangu ya kwanza. Nilidhani narudisha mchele wa jirani. Kosa langu, na wenzangu wote wamelibeba. Leo nnalitoa."

Nilisema hivyo nikiwa nimewapa uso wanawake, si yeye, kwa sababu wao ndio niliowakosea. Bi Tatu akasema, "Mimi niliiona ile zawadi siku ile ile," na huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Bwana Kanji akachukua karafuu chache kwenye ungo akazivunja moja moja, zikalia. Alikuwa mfanyabiashara, alikuwa anapiga hesabu, sitasema alikuwa anatuhurumia. Lakini kijana wa serikalini alikuwa ameshafungua daftari ukurasa mpya na kalamu inangoja. Mwishowe akasema, "Pishi ni pishi. Itafutwa tangu leo." Akaondoka kurudi mbele. Mwavuli aliusahau, ikabidi arudi kuuchukua, na hakutazama upande wetu.

Ya misimu iliyopita hayakulipwa, na mimi sikuyadai. Ningeyadai kwa nani, na mimi ndiye mwanzo wake?

Siku ile Bi Kazija alifika kumi na mbili kabla ya adhana ya alasiri. Vuai alipima mwenyewe, akafuta kwa kijiti, akahesabu kwa sauti mpaka mwisho, kisha akasema, "Tuonane Jumamosi, Bi Kazija." Akajibu, "Inshallah, baba." Jumamosi asubuhi Vuai akanipita mlangoni. "Shikamoo, Bi Mize." "Marahaba." Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, na hatukuhitaji mengine. Bi Tatu alinunua doti moja ya kanga, si mbili, na wifi yake alipata wivu wa kutosha. Mimi nilianza kutoa pesa ya unga nyumbani kwa binti yangu, na chakula kikashuka bila ya tabu.

Bi Kazija alikaa misimu mitatu zaidi, mpaka macho yalipofunga kabisa. Siku aliyotoka alinipa kijiti, nami nilikishika mpaka magoti yaliponitoa. Yuko Kikwajuni bado. Nikipata samaki wa kwetu humpelekea, na hunambia wamekauka sana au hawakukauka vya kutosha.

Basi wanaobishana barazani nnawajibu hivi. Neema ilifika, mimi niliishika kwa mkono wangu. Lakini haikufika ilipotangazwa, wala ilipoandikwa kwenye daftari. Ilifika siku tuliyofuta pishi. Watu wa Tumbatu wanaokuja kuchuma na kulala kwenye kambi za mashambani, pishi yao siijui ina kilele cha namna gani. Wao ndio wa kuulizwa, na waulizwe na mtu atakayetazama mikono yao, si anayengoja wamwambie nzuri.

Jana jirani hapa Mpendae alinirudishia mchele wangu. Pishi yake ilikuwa na kilele kizuri, kimelainishwa kwa vidole. Nimekipokea nikamshukuru, na nikiazima kwake mimi nitamrudishia hivyo hivyo. Hayo ni ya jirani na jirani, wala msiyaache. Ya ghalani ni mengine. Kijiti nimekiacha kwenye msumari upande wa kulia wa mlango, kimo cha mwanamke aliyekaa, ili yeyote akifikie bila ya kuinuka. Na nimesikia wiki hii kuna mnyapara mpya, na kuna mgeni wenu mmoja wa shamba, mwenye heshima zake, anajaza pishi vizuri sana. Msimcheke. Mpeni kijiti.